Mkono wa Nne

Jumanne, 7 Januari

Mabomba tena. Nimekata tangu asubuhi, masikio yanalia. Pikapu ya Turki, kijana mteja wetu, iko juu ya stendi, tumbo wazi. Ile mikono ya chuma ya nyuma, inayoshika ekseli isiachane na chesi, ameikataa. Eti mifupi. Anataka minne mirefu, gari lipande vilima vya mchanga bila kugonga. Matairi yenyewe yananifika kifuani. Vijana wa Al-Malqa, mtaa wa matajiri, hawana shida za dunia hii.

Kazi imeletwa na Mutua, shemeji yangu, dereva wa nyumba ya kina Turki. Amenisifu huko mpaka nimeona haya. Basi lazima itoke safi. Ikama yangu, kibali cha kuishi na kufanya kazi hapa, imeandikwa dereva, lakini miaka sita sijashika usukani, nachomelea tu. Bosi anajua, kila mtu anajua, hakuna anayesema.

Njia yangu ni moja. Kwanza napiga vidoti vitatu vya kuchomelea kila upande, mkono ushikane tu. Naupeleka garini, napima. Ukikubali, naurudisha mezani, nazungusha mshono kamili. Vidoti havibebi gari.

Jumatano, 8 Januari

Vipimo vimekubali. Turki amekuja, ameniita mhandisi. Nimeringa kimoyomoyo. Jumamosi gari linabebwa na satha, lile lori la kubeba magari, hadi Jeddah. Wiki ijayo anaingia nalo mchangani na wadogo zake wawili. Yalla, yalla, haraka, kila dakika. Kichwa kinauma.

Alhamisi, 9 Januari

Mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu: mshono kamili. Wa nne nilikuwa nimemaliza upande mmoja adhana ya adhuhuri ikalia. Bosi hushusha shata ya mlango papo hapo, halas, basi, hata uwe na moto mkononi. Sisi Wakristo hungoja nje kivulini. Nikapiga picha haraka, nikazima mashine, nikautundika wa nne kwenye kulabu pamoja na wenzake usikanyagwe. Kulabu hiyo ni ya kazi iliyokwisha.

Baada ya sala bosi akanituma bolti. Duka limejaa, nikakawia. Kurudi nakuta mikono yote minne myeusi, fundi wa rangi amemaliza na ameondoka. Tukaifunga garini. Nati zote nimekaza mwenyewe. Nimechoka mpaka kope. Nimemtumia Mwikali picha za wiki nzima, aone mumewe anafanya nini Riyadh.

Ijumaa, 10 Januari

Mapumziko. Nimefua, nimesonga ugali, nimelala. Nikaamshwa na ujumbe wa Mwikali. Mke wangu ni fundi cherehani pale Machakos, jicho lake halipitwi na uzi. Ameandika: "Hii mitatu imeshonwa. Huu mmoja umepigwa bandi tu. Ulirudi kuushona?"

Nimekuza picha. Ile ya kabla ya shata: upande mmoja, vidoti vitatu. Ile ya jioni, chini ya gari: rangi nyeusi, na ndani ya rangi nundu tatu. Mshono hakuna. Na nati zake nilikaza kwa mkono wangu, macho yakiwa wazi.

Nimekaa kitandani saa nzima. Nikisema, bosi atauliza nani aliutundika pale. Na wakianza kuchunguza, mwenye ikama ya dereva karakanani anatafuta nini? Ni kufukuzwa nchini, uwanja wa ndege moja kwa moja, na watoto wangu bado wanasoma. Naogopa. Nimejipangia hivi: gari linabebwa na satha, halitembei. Mutua atanitafutia njia ya kuligusa kabla ya mchanga. Nimemjibu Mwikali: niliushona, usijali.

Jumamosi, 11 Januari

Stendi tupu. Nimeuliza satha ilikuja saa ngapi. Bosi amesema haikuja kabisa. Turki hakutaka kungoja, amepanda ndege, gari amemwachia dereva wake alipeleke.

Mutua. Ameondoka alfajiri.

Nimeketi juu ya kopo la rangi. Kilomita karibu elfu moja, na pale Taif barabara inashuka mlima kona juu ya kona. Mdogo wa Mwikali, juu ya vidoti vitatu. Nimepiga simu. Amekuwa mteja, hapatikani. Nimepiga tena na tena, mteja tu. Simu yake hufa chaji njiani, nimemwambia mara ngapi anunue nyingine.

Nimemwendea bosi. Nimemwambia mkono wa nne haujachomelewa. Kiarabu changu chote kilipotea, nikabaki mafi, mafi, hakuna, hakuna, huku nikionyesha kwa vidole. Alipoelewa hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza kitu kimoja tu: nilijua lini. Nikasema leo asubuhi.

Saa nane. Bado mteja. Sijala. Mwikali amepiga mara mbili, sijashika. Nitamwambia nini?

Saa kumi na moja jioni. Mutua amepiga kwa simu ya mtu. Yuko Jeddah, mtaa wa Al-Mahjar, kwa marafiki. Anacheka. Anasema gari lilianza kuvuta kulia kidogo kwenye ile njia ya kuzungukia Makka, tunayopita sisi tusioruhusiwa kuingia. Kidogo! Nimemwambia asiguse hata ufunguo. Kisha nimelia, mtu mzima, mbele ya bosi.

Jumapili, 12 Januari, Jeddah

Bosi amenipandisha ndege ya kwanza. Nimelala chali chini ya gari uchochoroni Al-Mahjar, Mutua kanishikia tochi. Nimekwangua rangi. Vidoti viwili vimekatika. Cha tatu kina ufa hadi katikati. Nimegusa bomba kwa vidole tu, likacheza. Chuma cha upana wa ukucha ndicho kilichomshusha mtu ule mlima.

Sijui nilikaa huko chini muda gani. Mutua akauliza kama nimelala. Nikatoka, nikamwonyesha. Akachuchumaa, akatazama. Karakana ya jirani wamenipa mashine. Mshono si wa kupendeza, lakini umeshika. Nimekagua na ile mitatu, mara mbili.

Jumanne, 14 Januari, Riyadh

Mutua alipita kwangu Malaz jana, tukanywa chai. Dada yake amemweleza yote: kwamba aliniuliza Ijumaa, na kwamba nilimjibu nimeushona. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Aliweka kikombe chini akaniuliza:

"Shemeji, angekuwa dereva mwingine, ungesema?"

Nikamwambia hapana. Ningenyamaza, ningengoja wiki ijayo. Akasema wale wadogo wa Turki, wa kwenda mchangani, yeye ndiye huwapeleka shule kila asubuhi, na yule wa mwisho ana miaka minane. Akamalizia chai yake, akaosha kikombe, akaenda.

Leo nimemwambia bosi kwamba nilijua tangu Ijumaa. Amenipa bomba la mteja mwingine. Kisha amevuta kiti, ameketi kando yangu, na amenitazama hadi mshono wa mwisho. Miaka sita hajawahi kunikalia hivyo.