Joho la Kukodi la Kokulinda

Mpendwa Mama Shimba, salaam nyingi kutoka Buswelu, naomba unisikilize mama mwenzako maana nimebanwa huku na huku na Jumamosi ndiyo hiyo inakuja. Mimi na mume wangu, Mwalimu Kaijage, tunafanya jubilei ya ndoa yetu, misa asubuhi na chakula hapa nyumbani, ndugu zake wanatoka Muleba kosta nzima na ndizi zao na senene zao wa kukaanga, na wewe unawajua watu wa kwetu Kagera, mtu hajakaa vizuri kwenye kiti ameshauliza watoto wamesoma mpaka wapi. Sasa ukutani sebuleni kwetu kuna picha za wanangu watatu wa kiume, wote wamevaa majoho, na pembeni yao kuna msumari mtupu, mume wangu aliupigilia mwenyewe siku binti yetu wa mwisho, Kokulinda, alipopata chuo kusomea kompyuta, akasema huo ni wa Koku, mtu asije akatundika kalenda.

Koku alisoma mwaka mmoja akaacha. Hakufukuzwa, Mama Shimba, alama zake zilikuwa nzuri tu, aliniambia, "Mama, wanachonifundisha mwaka huu nilishajifunza mwenyewe nikiwa kidato cha sita, na kazi imenijia, isije ikanipita." Leo anaandika programu kwenye ofisi moja ya vijana hapo Nyakato, amepanga chumba chake, hata gesi ninayopikia mimi analeta yeye, lakini baba yake mpaka leo akiulizwa anajibu "Koku yuko masomoni," na Jumapili iliyopita kanipandisha presha kabisa, kasema niende studio Mabatini nikakodi joho na kofia yake, Koku apigwe picha, itundikwe kabla wageni hawajaingia, na akikataa basi asionekane kwenye jubilei.

Na mimi, waitu, ndugu yangu, nimelikodi. Liko kabatini kwenye mfuko mweusi. Nilipompigia Koku akasema, "Mama, nikivaa hilo nitakuwa nimekubali mbele ya baba wakubwa wote kwamba kazi yangu ni ya aibu. Bora nisije." Akakata simu, na mwanangu huyo hajawahi kunikatia simu tangu nimzae.

Kuna kingine kinaniumiza zaidi na sijamwambia mtu. Wiki hii nilikwenda Igombe kununua dagaa kwa akina mama wanaoanika wenyewe, nikamkuta mama mmoja anaitwa Paskazia, simu yake ikalia ujumbe, akaanza kuanua mbio na wenzake wote wakaanza kuanua, nikamwuliza mnaanua nini na jua lote hili, akasema, "Subiri uone." Hatukumaliza hata kubishana bei, mvua ikashuka kutoka ziwani. Akaniambia kuna binti Nyakato katengeneza programu inayowatumia ujumbe mvua ikikaribia, alikuja akakaa nao ufukweni siku nyingi akiwauliza wanavyoanika, "na hata sasa akija tunamwita Koku wetu." Mama Shimba, moyo ulinijaa mpaka machozi yakanitoka, nikataka kupiga kelele kwamba huyo nimemzaa mimi, halafu nikaogopa Paskazia ataniuliza amemaliza chuo gani. Nikachukua dagaa zangu nikaondoka.

Sasa niambie, mtoto anaweza kweli kufika mbali kwenye kazi za kompyuta bila digrii, au baba yake anaona kitu nisichokiona mimi? Na Jumamosi nifanyeje?

Mama Pius, Buswelu

MAMA SHIMBA ANAJIBU

Mama Pius, pole sana. Sasa kaa chini nikugombeze kidogo.

Nilicheka niliposoma la joho kabatini, halafu nikaacha kucheka. Mwanamke mzima umefunga safari mpaka Mabatini kukodi uongo wa kumvika mtoto ambaye hana cha kuongopea! Hivi wageni wakimuuliza Koku amehitimu lini, utamkodia na tarehe?

Swali lako nalijibu wazi. Kwa kazi ya kuandika programu, digrii ni mlango mmojawapo, siyo mlango pekee. Wengi wanaoajiri watu wa kazi hizo wanataka kuona ulichotengeneza kinafanya kazi, na cha Koku umekiona kwa macho yako kikifanya kazi. Lakini mumeo naye si mjinga. Kuna ofisi nyingi, za serikali na nyingine kubwa, zinadai cheti kabla hazijasikia hata sauti yako, na chuoni kuna hesabu na misingi ambayo mtu akijifundisha peke yake huwa anairuka. Kwa hiyo Koku asiache kusoma. Achukue kozi fupi, afanye mitihani ya fani yake, na siku akiona amekwama kwa kukosa digrii, vyuo vya jioni na vya mtandaoni vipo. Atarudi akijua anachokifuata. Na wewe kijana unayesoma hapa ukaanza kufunga begi lako la chuo, tulia! Koku aliacha akiwa na ujuzi kichwani na kazi mkononi. Wewe una nini?

Huyo binti nampenda, nakwambia ukweli. Wangapi wangevaa tu, wakapiga picha, wakala pilau, yakaisha? Yeye yuko radhi kukosa sherehe ya wazazi wake kuliko kudanganya. Na kabla ya kutengeneza chochote alikwenda kukaa na wenye shida yao akawasikiliza. Hiyo tabia haifundishwi darasani peke yake, mmemlea ninyi. Mwalimu Kaijage kafundisha watoto wa watu miaka yote wasiibie mtihani, sasa anataka wa kwake aibie siku ya misa? Mwulize hivyo hivyo, kwa upole, akiwa ameshiba.

La Igombe sikusamehei haraka. Wanawake ambao hawakumzaa wanasema Koku wetu, wewe mwenye uchungu wake unabeba dagaa unaondoka. Aibu hiyo unayoiona kwake, mama, umeiweka wewe na baba yake. Yeye hana.

Joho lirudishe leo. Kama ukuta unawasumbua, tundikeni picha yake yoyote anayocheka, nyumba ni yenu. Halafu usipige simu, nenda Nyakato mwenyewe ukamwombe radhi. Mzazi akimwomba mtoto radhi hapungui kilo. Mumeo mwambie mapema ulichoamua, usimvizie mbele ya kaka zake, maana mwalimu ukimwaibisha hadharani jubilei ijayo hamtaifikia. Atanuna. Mwache anune, njaa ya sherehe itamtoa chumbani.

Na shemeji akiuliza Koku amesoma mpaka wapi, jibu wewe, usimwachie mtoto. Sema, "Aliacha chuo mwaka wa kwanza, na kazi yake naijua, nimeiona." Usiongeze, usipunguze, usikohoe. Kisha Koku mkalishe meza kuu, kati yako na baba yake. Mnasherehekea ndoa, Mama Pius, na Koku ametoka kwenye ndoa hiyo. Asipokuwepo, mnasherehekea nini?