Baba wa Kwenye Simu

Jumapili, hapa Nyasubi. Jua la leo halina adabu, na vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria. Nimechoka, tena si uchovu wa kazi.

Mume wangu amerudi jana kutoka Rwamgasa, anakochimba dhahabu. Miezi saba hatujamwona ila kwenye simu. Nilichinja kuku, nikamvalisha Kabula, binti yetu wa miaka minne, gauni jipya nililomshonea mwenyewe.

Akaingia na begi lake, akachuchumaa, akafungua mikono. "Mayu, njoo kwa baba." Ni "mama" kwa Kisukuma, ndivyo anavyomwita tangu azaliwe.

Kabula hata jicho hakuinua. Alikuwa kwenye katuni zake, kwenye simu yangu.

Baba akamchukulia simu mkononi, kwa utani tu. Weee! Mtoto alijibwaga chini, akapiga mayowe mpaka majirani wakachungulia, kisha akamng'ata baba yake mkono, meno yakabaki yamejichora.

"Huyu mtoto kanikataa, Mama Kabula," akasema. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Niseme ukweli hapa, maana kwake sijaweza. Simu nimempa mimi. Mimi ni fundi cherehani, na sare za shule zikinibana halafu mtoto anachezea mkasi, namkabidhi simu anyamaze. Ilianza nusu saa. Sasa bila katuni hali, haogi, na ukimwita haitiki. Wateja wananisifu eti mtoto wangu mtulivu. Mtulivu wapi! Nawaitikia, naendelea kushona.

Na kila alipomlilia baba yake, nilimjibu hivi hivi bila kufikiri: "Baba yumo kwenye simu, subiri atapiga."

Alinielewa vizuri sana.

Leo mchana mume wangu alitoka nje, akasimama karibu na kamba ya nguo, akapiga simu ya video. Sura yake ilipotokea kwenye kioo, Kabula aliruka kwa furaha. Akaiegemeza simu kwenye kikombe, akapiga magoti mbele yake kwa heshima zote, kama bibi yake alivyomfundisha.

"Shikamoo baba! Utakuja lini?"

"Marahaba, mayu. Mbona nimeshakuja?"

Akaingia ndani polepole, simu bado iko mbele ya uso wake, sauti inakatika. Kabula akamtazama yeye, akatazama kioo, akamtazama tena. Kisha akarudi kwenye kioo, akakunja miguu yake pembeni ili mgeni apate kupita.

Mume wangu akapita. Akaenda kukaa uani, na mimi nikashindwa kumfuata.

Jumanne anarudi Rwamgasa. Kesho simu naifungia kabatini, Kabula alie mpaka achoke, sare zisubiri. Siku moja itamtosha mtoto kumjua baba yake? Na Jumanne jioni akinililia, nitamwambia baba yuko wapi?