Kisanduku ya Vita Haipo

Mama,

kilima yetu ikawa nyekundu yote kwenye kioo ya ordinateri, na shefu akapiga makofi. Alifurahi, programu ya ramani imekubali kazi. Mi nilikuwa nyuma yake. Nikatambua kona ya mto, njia ya kwa jirani yako Mama Evarista, na pale shamba yako. Nyekundu kama nyama.

Hujui hii kazi. Ulipokufa kule kambini mi nilikuwa bado nafyatua matofari. Sasa niko kwenye biro moja, ofisi hapa mjini Kinindo, wanapima udongo yenye imeharibika. Natembea milimani na kamashini kadogo kanaongea na satelite, kanasema niko wapi. Napima na kijiti, kisha kwenye fishi, ile karatasi ya kujaza, natia alama: watu walifanya nini mpaka udongo ikaenda. Visanduku viko vinne tu. Kulima vibaya, kukata miti, ngombe wengi, matofari. Shefu anaingiza, programu inatia rangi: kulima vibaya ni nyekundu.

Wiki iliyopita nilifika kwako. Mama, shamba haiko. Ni shimo moja ndefu, mi nikiingia inafika kwenye mabega. Mitaro yako ya kuzuia maji imekufa yote. Urubingo, ile majani marefu ulipanda kwenye kingo, wanajeshi walikata, walisema watu wanajificha ndani. Kisha wakatupeleka kambini, na mvua ikanyesha juu ya kilima bila mutu.

We usingekubali. Nakumbuka ulivyotoka kwenye mvua na gunia kichwani, jembe mukononi, unagombana na maji yenye yanabeba udongo mpaka ziwani: "Samaki wa Kajaga wanakula shamba yangu! Waende wakalime yao!" Nilicheka mpaka nikaanguka kwenye matope, ukanipiga na kandambili.

Nilitafuta kisanduku ya vita. Haipo. Barabara wanajeshi wanaifunga saa tisa, na agronomu, ule mutaalamu wa kilimo, alikuwa kwenye gari anapiga kelele: "We bubu! Tia kulima vibaya, twende!"

Nikatia.

Mama, mi ndiye nimeandika ulilima vibaya. Na hii mukono, ile ulishika ukaifundisha a, e, i, o, u kwenye vumbi, kwa Swahili yako ya Uvira, maana shule niliacha darasa ya tatu. Na si kwako tu. Kilima yote niliandika vile, nilikuwa na haraka na woga.

Nilizani ni alama tu. Juzi ndio nikasikia: pale penye nyekundu watu hawataruhusiwa kulima tena. Wakubwa watapanda miti yao ya kalitusi. Na kambini wanangoja amani warudi. Mama Evarista ameweka mbegu ya maharagi kwenye chupa, hataki watoto waile, hata wakilia.

Nilienda kwa shefu. Nilijifunza maneno njiani, nikafika yakaisha. Nikasema tu, "Shefu, pale ni vita." Akaniangalia vizuri, si mutu mubaya. "Kijana, vita mi nitaitia rangi gani?" Akanipa Fanta. Nikakunywa, Mama. Mpaka leo naona haya juu ya ile Fanta.

Lakini kitu kimoja alikubali. Nikileta fishi mupya zenye alama ya kukata miti kabla ramani haijatoka kesho, atabadilisha. Si kweli yote, lakini urubingo walikata, na miti pia. Rangi itakuwa ya chungwa, na kwenye chungwa watu wanaruhusiwa kulima kama wanachimba mitaro. Ila lazima nifike pale kwa miguu yangu, kamashini kaandike mahali. Siku ni hii moja. Nitafika mashamba matatu, labda manne. Zingine zitabaki vile niliandika, na mi sina la kufanya.

Naandika hii nyuma ya ramani yenye ilitoka vibaya. Nimefikiri sana nianzie wapi. Nitaanza kwa Mama Evarista, kisha kwenye mashamba ya wale bado wako hai. Kwako ni juu kabisa. Pengine sitafika. Unisamehe.

Siku wakituacha turudi kilimani, nitachimba mitaro yako tena, nikianzia juu kama ulivyonionyesha, hata kwako ikibaki nyekundu na wakinifukuza. Hii nimeahidi, na leo sijakunywa kitu cha mutu.

Lala, Mama. Dereva anapiga honi. Niende sasa, saa tisa wanafunga barabara.

Mutoto wako