Jike la Kwanza Bado Ninaye

Mama yangu,

Kamwene. Huku Mbeya mvua haijakatika, na tangu nitoke kukuzika nyumba imekuwa kubwa kuliko watu wake. Mume wangu yuko barabarani na lori lake, kwa hiyo maneno yangu nayamalizia bandani, kwa nguruwe.

Yule uliyenipa nilipoolewa amezaa. Unakumbuka tulivyomleta? Ulimviringisha kwenye kanga, ukampakata ndani ya basi kutoka Iringa, na kondakta alipouliza umebeba nini ukamjibu, "Mjukuu wangu, kalala. Usiniamshie." Mjukuu akalia kwa lugha yake, basi zima likacheka, nawe umekaza uso kama uko kanisani. Ulipokuwa unaniaga ukanikumbusha desturi ya kwetu: "Jike la kwanza atakalozaa unirudishie wewe mwenyewe, usitume mtu. Ukisharudisha, mama yake ni wako."

Alizaa nikiwa kwenye msiba wako. Niliporudi, majirani walikuja kunipa pole, na kwa wema wao kila mmoja alipitia bandani na ndoo ya machicha ya pombe, matope ya banda lake yakiwa bado miguuni. Nilikuwa nalia, nikawashukuru. Baada ya siku chache watoto wa nguruwe wakaanza kutapika maziwa na kuharisha maji ya njano, wakanyong'onyea hadi mbavu zikaonekana.

Bwana mifugo alichuchumaa kwenye majani yao, akawatazama mmoja mmoja.

"Pole, mama. Naona hapa yameingia magonjwa mawili kwa pamoja. Virusi vimechubua utumbo, na bakteria wamepenya humo humo. Sindano yangu ni ya bakteria tu."

"Na hivyo virusi?"

"Havina dawa. Wape joto, wape maji yenye chumvi na sukari kidogo, waache wanyonye. Mengine tumwachie Mungu."

Nikawanywesha kwa kijiko. Wakafa, mama, mmoja baada ya mwingine, nami nikawa naomba abaki jike mmoja tu, nikuletee. Huzuni inapumbaza. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba hupo.

Na kweli amebaki jike. Sasa anakula vizuri, ana kelele za kuudhi. Kaka ameniandikia nimpeleke, eti banda lako bado limesimama, atampokea kwa niaba yako.

Simpeleki. Nimechelewa kuelewa kwamba hukuwa na shida ya nguruwe, ulitaka niwe na safari ya kuja kwako. Nikimkabidhi kaka, desturi itakuwa imetimia, mama yake atakuwa wangu, na mimi nitakuwa sina tena cha kunileta kwako. Naogopa hilo kuliko upweke wa nyumba hii. Waache waseme nimemdhulumu marehemu.

Pumzika, mama, lakini usiache kunidai.

Ni mimi,
kitindamimba wako