Kahawa ya Mzee Sundquist

Moorhead, Januari

Dada yangu Solveig,

Ndoa ni tamu, dada! Kila asubuhi Anders hunichemshia maziwa na kuniita malkia wa theluji, nami nayeyuka.

Juzi alinipeleka kwenye mkutano wa wakulima wa viazi vya sukari, vile vinavyokamuliwa sukari kiwandani. Mchana ni mihadhara ya mbegu na magonjwa. Jioni ni kahawa, na hapo ndipo wazee wanaostaafu huchagua vijana wa kuwakodishia hisa zao za kiwanda cha sukari, maana bila hisa kiwanda hakipokei viazi vyako. Hayo sikuyajua. Anders alisema, "Ni kahawa tu, mpenzi," tukaenda kuteleza barafuni. Nilicheka mpaka machozi yakaganda.

Asubuhi yake Mzee Sundquist, mmoja wa hao wanaostaafu, akanishika mkono. "Kumbe ndiye wewe bibi harusi! Jana nilimngoja mumeo mpaka kahawa ikapoa. Hisa nikampa mwingine."

"Nisamehe, mzee."

"Usijali, binti. Hata mimi ningekufuata wewe."

Anders hajanilaumu hata kwa jicho. Mwaka huu atavuna viazi vya watu, kwa kibarua. Jana akaniuliza, "Tukateleze tena?" Nikamwambia twende kwanza kwa Mzee Sundquist, ingawa sasa ni kahawa tu kweli.

Mdogo wako anayependwa kupita kiasi,
Marit