Saa Moja na Robo kutoka Songea

Mwembesongo, Alhamisi

Na hakuna hata mmoja aliyenilaumu. Hilo ndilo linalonichoma.

Juzi asubuhi Mjomba aliponipigia Songea kuniambia Mama amefariki, nilitafuta kwenye simu mwendo wa ndege hadi Morogoro. Ukurasa ukajibu: kiwanja hadi kiwanja, saa moja na robo. Nikamwambia Mjomba anisubiri, alasiri nitakuwa nimefika.

Kiwanjani mlinzi alinitazama kwa huruma. "Ndege ya Morogoro haipo, dada. Huo mwendo umepigiwa hesabu tu. Wahi basi."

Nikawahi basi. Kumpigia Mjomba nikashindwa. Mimi, mwalimu wa hesabu, ningeanzaje? Nilipompigia, giza lilikuwa limeshaingia.

Leo Mama Mdogo amenisimulia. Watu waliswali alasiri, wakaendelea kungoja. Mjomba alivaa kanzu, akapanda bodaboda kwenda kunipokea kiwanjani. Akasimama kwenye uzio akitazama juu. Walipompigia arudi, alijibu, "Subirini kidogo, mtoto yuko angani."

Wakasubiri. Mwishowe imamu akasema maiti asicheleweshwe zaidi, wakaenda kuzika. Mjomba hakuwepo kumshusha dada yake kaburini.

Jioni hii alikuja kukaa karibu nami barazani. Nilimpa shikamoo, nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza.

"Marahaba. Ulikula njiani, mwanangu?"

Nikasema nilikula. Hata hilo halikuwa kweli.