KIKAO CHA DHARURA: KOMPYUTA ZETU KUACHA KUONYESHA MAKOSA

Kikundi cha Wapiga Taipu cha Tuinuane
Alhamisi, 17 Agosti 2006, afisini, River Road, saa kumi na moja jioni

Waliohudhuria: Bw. Kihara (Mwenyekiti), Bi. Ciru (mpiga taipu), Bw. Dalmas Obuya (fundi wa kompyuta), Bi. Emmah Naliaka (Katibu).
Hakuwepo kwa ruhusa: Bw. Mutiso, aliyepeleka kadi za harusi mtaani Karen.

KUMB. NA. 1/8/2006: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba kwa ufupi. Alisema jambo hili halingengoja Jumatatu, kwani mazishi ya Mzee Muchiri wa Riruta ni Jumamosi na familia ilishachukua vijitabu vya ibada, ambavyo leo vimeonekana kuwa na makosa.

KUMB. NA. 2/8/2006: KILICHOTOKEA
Bw. Obuya alieleza kwamba zamani programu ya kuandikia, ya barua pepe na ya kupanga vijitabu kila moja ilikuwa na kamusi yake ya tahajia, inayopigia mstari mwekundu neno isilolijua. Jina lililofunzwa huku lilipigiwa mstari mwekundu kule. Kikao cha Julai kiliagiza mpangilio uwe mmoja. Alichukua kamusi ya kompyuta ya Bi. Ciru, iliyokuwa na majina mengi, akaiweka katika programu zote za kompyuta zote.

Tangu hapo mistari myekundu ilipungua sana, na wanachama wakaacha kusoma kazi mara ya pili. Mwenyekiti alikuwa amesema vidole vyetu vimekomaa. Aliomba maneno hayo yasiandikwe.

Bi. Ciru alisema: "Mteja amesimama hapo, anauliza mbona karatasi imejaa nyekundu. Nilikuwa naongeza tu neno kwenye kamusi ndio iishe."

Bw. Obuya aliuliza kama aliongeza hata makosa.

"Yote, Dalmas. Sikujua utaipelekea kila mtu."

Bw. Obuya alikiri hakuifungua kuona ilikuwa na nini.

KUMB. NA. 3/8/2006: KIJITABU CHA MZEE MUCHIRI
Katibu alisoma nakala iliyobaki. Jina la kifungua mimba, Njuguna, lilikuwa limekosewa, na la mjane likakosewa kila lilipotajwa. Bi. Ciru aliomba usomaji ukomee hapo.

Bw. Obuya alipendekeza familia isiambiwe, kwani huenda hakuna ambaye angeona.

Bi. Ciru alimjibu: "Jina la mama yako likiharibiwa siku kama hiyo, wewe hungeona?"

Pendekezo halikuungwa mkono. Bi. Ciru alisema angepiga simu mwenyewe.

KUMB. NA. 4/8/2006: SIMU
Simu ilipigwa mbele ya wote, spika ikiwa wazi. Bi. Njambi, binti wa marehemu, alimsikiliza Bi. Ciru hadi mwisho, kisha akasema: "Tuliona jana, dada. Tumevificha chini ya kitanda Mama asivione. Tulikuwa hatujui tutamwambia nini."

Aliuliza kama vipya vingepatikana kabla ya kesho jioni. Mwenyekiti alijibu ndiyo, kisha akaketi.

Iliazimiwa kwamba mpangilio ubaki mmoja, lakini kamusi ifutwe leo na ianze upya, na kila neno lisomwe na watu wawili kabla ya kuongezwa. Bw. Mutiso apigiwe simu arudi na kadi za Karen. Barua za mteja wa mtaa wa Lavington, zilizochapwa baada ya Julai, zisomwe upya kesho asubuhi.

KUMB. NA. 5/8/2006: KUFUNGA
Kikao kilikwisha saa kumi na mbili na nusu, bila maombi. Bi. Ciru alikuwa tayari ameketi kwenye kompyuta, na Bw. Obuya akimsomea majina ya familia, moja moja, naye akiyarudia kwa sauti kabla ya kuyachapa.

Mwenyekiti: S. Kihara ...................... Tarehe ..............
Katibu: Emmah Naliaka ...................... Tarehe ..............